Shajara ya mradi: maisha ya Mariama Bâ kwa sauti, sehemu sita

14 Januari 2024: mwanzo

Ninachotengeneza ni kipindi cha sauti cha sehemu sita, kila moja dakika nane hivi, kuhusu maisha ya mwandishi Mariama Bâ wa Senegali. Kitakuwa cha Kiswahili na kitasambazwa kwa simu. Wasikilizaji ninaowalenga ni akina mama wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Tanga. Kusoma hawana nafasi, lakini masikio yao yako wazi wanapopeta mchele. Shajara naiandika ili mwingine akitaka kumfanyia mwandishi mwingine kazi kama hii asianzie sifuri. Makosa nitayaeleza kwa urefu. Yaliyokwenda vizuri yatapita haraka.

Kwa nini yeye? Nina nakala kuukuu ya riwaya yake, Barua Ndefu Kama Hii, tafsiri ya Kiswahili ya C. Maganga, jalada lilishang'oka zamani. Mjane, Ramatoulaye, amekaa eda, anamwandikia shoga yake barua. Marehemu mumewe alikuwa amemwongezea mke, tena binti wa rika la mtoto wao, aliyekuwa akija pale nyumbani kusoma naye. Arobaini inafika, shemeji anakuja kuposa, kavaa vizuri. Niambie ni kipi hapo ambacho mtu wa Tanga anahitaji kufafanuliwa. Wasomaji wa Ulaya wanawekewa maelezo ya chini ya ukurasa, sisi tunasoma moja kwa moja.

Vifaa: simu yangu, maiki ya kubana kwenye nguo (35,000), kompyuta ya kuazima, programu ya bure ya kuhariri sauti. Msomaji ni shangazi yangu, ambaye risala za harusi za mtaa mzima husoma yeye. Bajeti 120,000. Lengo ni kutoa yote tarehe 17 Aprili, siku aliyozaliwa mwaka 1929.

28 Januari: ukuta wa tarehe

Nimebandika karatasi ukutani. Jambo nililolikuta sehemu mbili nimeliandika kwa wino, la sehemu moja kwa penseli. Kwa muhtasari, ukuta unasema hivi.

Alizaliwa Dakar, katika familia ya Kiislamu ya Walebu, watu wa pwani ya rasi ya Cap-Vert. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na babu na bibi wa upande wa mama, nyumba ya kushika mila. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na miaka ya 1950 akawa waziri wa afya. Ndiye aliyeng'ang'ania binti asome shule ya Kifaransa, wakati wakwe zake waliona elimu ya msingi inamtosha mtoto wa kike. Kurani alisoma pia. Mwaka 1943 alishika nafasi ya kwanza katika mtihani wa kuingia chuo cha ualimu cha wasichana cha Rufisque, nje kidogo ya Dakar, mtihani uliofanywa na wasichana wa makoloni yote ya Ufaransa ya Afrika Magharibi. Mkuu wa chuo alikuwa Mfaransa, Germaine Le Goff. Alihitimu 1947, akafundisha miaka 12, afya ikamlazimisha kuacha darasa, akahamia ofisi ya ukaguzi wa elimu. Aliolewa na Obèye Diop, mwanasiasa, wakapata watoto tisa, wakaachana. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1979, naye ana miaka 50. Miaka miwili baadaye alifariki, tarehe 17 Agosti 1981.

Kosa la kwanza lilinipata hapo hapo. Kanuni yangu ya sehemu mbili haikuwa na maana, kwa kuwa kurasa mbili za mtandaoni zilikuwa zimenakiliana neno kwa neno, mpaka kosa la tahajia. Niligundua nilipoona Rufisque imeandikwa vibaya kwa namna ileile. Ushahidi wa mtu mmoja aliyepaza sauti mara mbili ni ushahidi wa mtu mmoja. Nikang'oa karatasi saba, nikaanza upya, safari hii nikitaka angalau kimoja kati ya vyanzo viwili kiwe kitabu kilichochapwa. Wasifu ulioandikwa na binti yake, Mame Coumba Ndiaye, ulichapishwa Dakar mwaka 2007. Kwa anayejua Kifaransa, aanzie hapo.

Jambo la kuangalia: 17 Aprili na 17 Agosti. Mara mbili nimeandika moja mahali pa nyingine.

Gharama: kopi 6,400, bando 15,000.

11 Februari: muswada wa kwanza umekwenda jalalani

Hili ndilo kosa kubwa la mradi mzima, kwa hiyo nitalikalia.

Nilikuwa nimeandika sehemu tatu, kurasa kumi na mbili, na nilizipenda. Mariama akiwa eda, Mariama akipanga foleni kulipa bili za umeme na maji baada ya kutelekezwa, Mariama akienda sinema peke yake watu wakimkodolea macho, Mariama akinunuliwa gari na shoga yake aliye ubalozini. Nikampelekea mwalimu mmoja wa Kifaransa aliyestaafu, anayeishi Muheza, anikagulie majina tu. Alinirudishia kurasa kwa ujumbe wa sauti wa sekunde kumi: "Mwanangu, huyu uliyemwandika ni Ramatoulaye. Mariama yuko wapi?"

Niliinamisha kichwa mezani. Nilikuwa nimechukua riwaya nikaibandika juu ya maisha. Mitego ilikuwepo, nakiri: wote wawili ni walimu, wote wamesoma chuo chenye mkuu Mzungu anayewapenda, wote ni Waislamu wa Dakar wenye nyumba iliyojaa watoto, na riwaya imeandikwa kwa nafsi ya kwanza. Lakini Ramatoulaye ana watoto kumi na wawili, Mariama tisa. Ramatoulaye ni mjane. Tena kuna tofauti iliyo kubwa kuliko hizo, nayo nilikuwa nimeipita kama gari la usiku: Ramatoulaye mumewe anapoongeza mke, anabaki. Watoto wake wakubwa wanamwambia aondoke, yeye anabaki. Anayeondoka kitabuni ni shoga yake, Aissatou, anayeacha barua kitandani na kuchukua watoto wake wanne wa kiume. Mariama Bâ mwenyewe aliachana na mumewe. Yaani mwanamke aliyetoka katika ndoa alikaa akaandika, kwa upole na bila kumcheka hata mara moja, barua ndefu ya mwanamke aliyebaki.

Hapo ndipo nilipopata kipindi changu. Hadi siku hiyo nilikuwa na mfuatano wa miaka tu. Angeweza kumfanya Aissatou shujaa na Ramatoulaye mjinga, na wengi wetu tungempigia makofi. Hakufanya hivyo. Kwangu utetezi wake umekaa hapo kuliko penginepo: kwamba haki anayoidai ni ya yule aliyeondoka na ya yule aliyeshindwa kuondoka, na huyu wa pili hadaiwi aeleze kwa nini.

Suluhisho kwa atakayenakili mradi: nimenunua kalamu mbili za rangi. Kila sentensi ya muswada inapigiwa mstari wa bluu ikiwa ni ya maisha, mwekundu ikiwa ni ya riwaya. Ukurasa wenye rangi mbili katika aya moja unarudiwa. Inachosha, ila inafanya kazi. Kurasa kumi na mbili zilibaki nne.

25 Februari: bubu na baa

Nilifanya jaribio dogo la kusoma mbele ya akina mama sita. Niliwasha kinasa sauti ili nipate maoni yao, nikapata vicheko vyao.

La kwanza: "Leo tunawaletea maisha ya Mariama Bâ." Mmoja akauliza, "Kwani anauza bia?" Kwa Kiswahili ukilivuta kidogo jina linakuwa baa, na hata usipolivuta sana, jirani yake ni balaa. Tumekubaliana Shangazi aseme "Mariama" peke yake muda mwingi, na jina kamili alitaje mwanzoni na mwishoni kwa a fupi.

La pili: nilikuwa nimeandika kuwa wanawake waliingia kwenye maziko "na mabubu yao meupe", nikimaanisha yale magauni mapana ya Kisenegali. Mafundi cherehani wanalijua vazi hilo kwa jina hilohilo, lakini sikioni, bila picha, walichoona akina mama ni msafara wa watu wasiosema. Tumeweka "gauni pana la Kisenegali", yamekwisha.

La tatu halikuchekesha. Nilikuwa nimetafsiri griot kuwa malenga. Mama mmoja, binti wa mtunzi wa mashairi, hakukubali. Malenga ni kipaji, akasema, na huyo unayemweleza amezaliwa katika ukoo wa kusifu nasaba za watu na kutunzwa kwa hilo. Ana haki. Sasa tunasema griyo, tunaeleza mara moja, tunaendelea.

Na moja lilitufurahisha wote. Riwaya inatumia neno mirasse, ambalo wasomaji wa Kifaransa na Kiingereza hulikuta geni: zile hesabu za urithi ambapo mali ya marehemu hufichuliwa yote. Ramatoulaye analigeuza: pamoja na mali na madeni, anazifichua na siri za marehemu. Mwalimu wa Muheza aliponisomea neno lile kwa sauti nililisikia papo hapo. Mirathi! Neno lilipanda meli moja ya Kiarabu, likashuka bandari mbili. Nimelitengea dakika nzima katika sehemu ya nne, na sijutii.

Nauli za Muheza, safari tatu: 18,000.

9 Machi: haki miliki, na saa mbili zilizopotea

Mpango wa awali ulikuwa Shangazi asome kurasa nzima za tafsiri. Tumesharekodi saa mbili. Mwanzoni mwa wiki ndipo niliposhtuka kuwa sina ruhusa ya mtu yeyote. Mwandishi alifariki 1981, haki ya kitabu bado hai, na mfasiri naye ana yake. Kuzipigia simu ofisi za wachapishaji kumenilia siku tatu bila jibu. Nimefuta. Tutasimulia kwa maneno yetu na kumwelekeza msikilizaji kitabuni. Ungeanza na hili kabla ya kununua hata maiki.

Kumwambia Shangazi kulikuwa kugumu kuliko kufuta. Alikuwa amekikariri kipande cha posa ya shemeji mpaka na kikohozi cha imamu. "Basi hayo yote nimeyasomea ukuta?" Nikamwambia, "Samahani, Shangazi." Akanyamaza, halafu akasema atakihadithia kama anavyohadithia habari za mtaani. Na kweli, alivyokihadithia jioni ile, bila karatasi, kilikuwa bora kuliko alivyokisoma.

7 Aprili: Ramadhani, mvua na bati

Ratiba yangu ilikuwa imepuuza mambo mawili ambayo hata mtoto angeyakumbuka. Ramadhani iliingia kabla ya katikati ya Machi. Shangazi amefunga, na sauti ya mtu aliyefunga saa kumi jioni ni kavu kama makuti. Tukahamia baada ya tarawehe. Usiku ndipo masika yalipoamua kushuka. Nyumba yetu ni ya bati. Mvua ya bati haiondoki kwa programu yoyote ya bure. Nilijaribu kuichuja, Shangazi akatoka anaongea kama yuko ndani ya pipa.

Kilichosaidia ni chumba cha kati kisicho na dirisha, magodoro mawili yamesimamishwa ukutani, blanketi kichwani, na subira ya kungoja mvua ipungue. Jasho lilitutoka, lakini sauti ilitulia. Maiki ya kwanza ilikufa kwa unyevu. Ya pili 28,000.

Kingine kilichotupwa: bahari. Nilikuwa nimerekodi mawimbi kule Raskazone ili niyaweke chini ya sehemu inayotaja kisiwa cha Gorée, chenye shule ya bweni ya wasichana iliyopewa jina lake. Yalipendeza, nikayatoa. Msikilizaji angeamini anasikia Gorée, kumbe anasikia Tanga. Kijana anayenisaidia kuhariri alitaka pia kuweka ngoma "za Kiafrika" alizozipakua. Ngoma za wapi? Hakujua. Tukaacha kimya kiwe kimya.

17 Aprili: tarehe imepita

Leo ni siku aliyozaliwa, na nina sehemu mbili tu zilizokamilika kati ya sita. Nimeandika tarehe mpya ukutani: 17 Agosti. Kosa lilikuwa kupanga kwa kuangalia kalenda yake badala ya kalenda ya nyumba yangu.

19 Mei: sehemu ya nne, "mtetezi wa haki"

Nimegombana na sehemu hii wiki tano. Rasimu ya kwanza ilisema "alikuwa mwanaharakati wa haki za wanawake" mara sita na haikuonyesha alifanya nini. Kijana wa kuhariri aliniuliza, "Aliandamana?" Sikuwa na jibu, maana nilikuwa nalisikia neno mwanaharakati nikaona mabango.

Kwa hiyo nikarudi kwenye ukuta. Alichofanya kilikuwa cha vikao na kalamu. Alikuwa katika vyama vya wanawake vya Dakar, kikiwemo kile cha Soeurs Optimistes Internationales. Alisema hadharani kuhusu elimu ya wasichana, kuhusu mitala, kuhusu wake wanaoachwa bila chochote. Na mapema zaidi, akiwa bado chuoni Rufisque, insha yake kuhusu utoto wake Dakar ilichapishwa Ufaransa mwaka 1947 katika jarida la Esprit, ikikataa ile siasa ya kumgeuza Mwafrika kuwa Mfaransa mweusi. Msichana wa miaka 18! Karibu na kifo chake aliandika makala akisema nyimbo za kumsifu mwanamke kama Mama Afrika hazitoshi tena. Mistari hii miwili, ya 1947 na ya 1981, nimeiweka mwanzo na mwisho wa sehemu, na neno mwanaharakati limebaki mara moja.

Halafu sheria. Bila sheria, msikilizaji anadhani ni ugomvi wa nyumbani. Senegali ilipata Kanuni ya Familia mwaka 1972. Mume hutamka kwenye ndoa kama atakuwa na mke mmoja, au idadi yenye kikomo, au mpaka wanne. Talaka ya kutamka peke yake ilifutwa, ikapelekwa mahakamani. Lakini kanuni hiyohiyo iliandika kuwa mume ndiye kichwa cha familia. Kitabu kilitoka miaka saba baadaye, na mume wake wa kubuni, Modou, anaoa mke wa pili kimya kimya. Mke wa kwanza anaambiwa na ujumbe wa wanaume watatu, imamu akiwemo, harusi ikiwa imeshapita. Akina mama waliposikia rasimu hii walianza kulinganisha wenyewe na Sheria yetu ya Ndoa ya 1971, ambayo nayo inatambua ndoa ya mke mmoja na ya wake wengi. Mjadala ulidumu hadi magharibi. Sikuurekodi. Mengine yaliyosemwa pale yalikuwa ya watu walio hai.

Kulikuwa na lawama pia. Mama mmoja ninayemheshimu alisema, "Huyu anaisema dini." Nilitaka kujibu haraka. Shangazi akanitangulia, kwa utulivu. Alimwambia kwamba mwanamke wa kwenye barua amekaa eda yake yote, miezi minne na siku kumi, anaswali, anamsamehe marehemu, anamwombea. Anayemkataa ni shemeji aliyekuja na hesabu zake kabla kaburi halijakauka. "Mimi siku ya arobaini naijua," akasema, kisha akaomba chai. Kwa miaka kumi na moja ya ujane wake sikuwahi kumsikia akilitaja hilo. Hatukuliendeleza. Katika muswada nimeongeza sentensi mbili kueleza kuwa Mariama alikuwa Mwislamu aliyebishana kutoka ndani ya nyumba, na nimezipa nafasi kabla ya mambo ya sheria ili zisisikike kama utetezi uliochelewa.

23 Juni: kosa lililotoka nje

Nilituma sehemu ya tano kwa majaribio kwa watu kumi. Ndani yake Shangazi anasema kuwa mwaka 1980 Mariama alipewa "tuzo ya Noma ya Ufaransa". Si ya Ufaransa. Noma ilikuwa tuzo ya uchapishaji wa vitabu Afrika, iliyoanzishwa na mchapishaji wa Kijapani, Shoichi Noma. Mariama ndiye mshindi wake wa kwanza kabisa, na alikabidhiwa kwenye maonyesho ya vitabu ya Frankfurt, mwaka ambao maonyesho hayo yalikuwa yameipa Afrika nafasi ya mbele. Niliandika Ufaransa kwa mazoea tu: mwandishi anaandika Kifaransa, basi tuzo itakuwa ya Kifaransa. Kitabu chenyewe hakikutoka Paris. Kilichapwa Dakar na Nouvelles Éditions Africaines, na hilo lina uzito wake, maana waandishi wengi wa wakati ule walisubiri Paris iwape baraka.

Shangazi alirekodi upya sentensi moja. Haikuingia. Sauti ya Juni si sauti ya Aprili, pale palipounganishwa panasikika kama kiraka cha kanga kwenye kitenge. Tukarudia aya nzima. Somo la ufundi: ukikosea neno, rekodi aya, usirekodi neno.

Katika kurudia nimepata nafasi ya kumwingiza Annette Mbaye d'Erneville, ambaye nilikuwa nimemwacha nje kwa kubana muda. Mtangazaji wa redio, mwanzilishi wa jarida la wanawake la Awa mwaka 1964, naye pia amepita Rufisque. Alikuwa miongoni mwa waliomsukuma Mariama aandike, na jina lake limo kwenye tabaruku ya kitabu, pamoja na wanawake wote na wanaume wenye nia njema. Mtu wa redio kukaa nje ya kipindi cha sauti ingekuwa aibu.

Kijana wa kuhariri nimemlipa 50,000. Alistahili zaidi.

4 Agosti: sehemu ya sita

Hii imekwenda haraka, labda kwa sababu ni fupi na nimechoka kukosea. Kifo, na riwaya ya pili, Un chant écarlate, iliyotoka mwaka huohuo 1981 yeye akiwa ameshafariki kwa saratani. Ndani yake Msenegali anaoa Mfaransa, halafu anaoa tena msichana wa nyumbani, kwa siri. Ninachokipenda ni kwamba huruma hapo imekwenda kwa mke Mzungu. Yule msichana aliyeikataa Ufaransa akiwa na miaka 18 aliandika kitabu chake cha mwisho akimlilia binti wa Kifaransa aliyefanyiwa ubaya na Mwafrika mwenzake. Tumelisema kwa sentensi tatu na kuliacha.

Nimeongeza tafsiri: ya Kiingereza ya Modupé Bodé-Thomas mwaka 1981, yetu ya Kiswahili, na ya Kiwolofu, Bataaxal bu gudde nii, iliyokirudisha kisa kwenye lugha ambayo Ramatoulaye angeitumia kugombana na muuza samaki.

17 Agosti: imetoka

Sehemu sita, dakika hamsini na moja kwa jumla. Zimetumwa asubuhi kwenye kundi la kikundi, kila moja kama faili ya sauti isiyozidi megabaiti nane, ili mwenye bando dogo zisimshinde. Nilijaribu kwanza kuituma kama video yenye picha moja, ikawa nzito mara tano. Na picha yenyewe sikuwa na ruhusa nayo.

Hesabu: maiki mbili 63,000, kopi 6,400, bando kwa miezi yote 40,000, nauli 18,000, uhariri 50,000, chai, tende na soda 22,000. Jumla 199,400. Bajeti ilikuwa 120,000. Ningekuwa naanza leo ningekata maiki moja kwa kuiweka kwenye mfuko wenye mchele mkavu kila usiku wa masika, na safari moja ya Muheza kwa kuuliza majina yote kwa mkupuo. Chai nisingeipunguza.

Muda: wiki thelathini na moja kwa kazi niliyoikadiria wiki kumi na tatu. Nusu ya ziada ni mvua na haki miliki. Nusu nyingine ni ule muswada wa kwanza.

Yaliyobaki: mwalimu wa Muheza amesikia sehemu ya pili na anasema Shangazi analitamka Rufisque kama jina la dawa ya kikohozi. Itarekodiwa upya, aya nzima. Shangazi anataka tufanye riwaya ya pili ikiwa kamili, nami sijamjibu. Muswada wenye rangi mbili ninao, anayetaka kuona jinsi mistari ilivyopigwa aje auchukue kopi.

Na ombi moja kwa wale kumi wa majaribio ya Juni. Sehemu ya tano mliyo nayo, yenye urefu wa dakika saba na sekunde arobaini, ndiyo ile yenye tuzo ya Ufaransa. Sahihi ni ya dakika nane na sekunde tano. Ile fupi ifuteni, na kama mmeshamtumia mtu, mwambieni naye aifute.